Maktau 1915: Uwanja wa ndege uliomezwa na vichaka

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Habari cha Kaunti

Msafiri anayetoka Voi kwenda Taveta hupita Mwatate, hupita Bura, kisha barabara inanyooka na kuingia katika uwanda mkavu wa Maktau, mahali ambapo wenyeji wengi hupaita Mwakitau. Upande mmoja ni lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi. Kuna maduka, kuna mifugo, na kuna reli ya zamani isiyo na treni. Wengi hupita hapo bila kusimama.

Hata hivyo, mnamo Septemba 1915 ndege za kivita zilipaa kutoka uwanda huo. Maktau hutajwa mara nyingi kuwa uwanja wa kwanza wa ndege katika nchi tunayoiita Kenya leo. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi kabla ya kampuni za ndege za abiria kuanza kazi Nairobi, na zaidi ya miaka arobaini kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa.

Leo hakuna njia ya ndege wala jengo. Katika toleo hili tunaeleza uwanja huo ulifikaje Maktau, ulifanya kazi gani, kwa nini ulitoweka, na kwa nini kupotea kwake kunamhusu mkaazi wa Taita Taveta. Walimu wanaofundisha historia wanaweza kuitumia makala hii darasani, na maswali ya kujadili yako mwishoni.

Vita vyafika mlangoni

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Agosti 1914, mpaka wa Taveta ulikuwa mpaka kati ya maadui wawili. Upande wetu ulitawaliwa na Uingereza. Upande wa pili, nchi inayoitwa Tanzania Bara leo, ulitawaliwa na Ujerumani. Tarehe 15 Agosti 1914 askari wa Ujerumani waliuteka mji wa Taveta, wakaushikilia hadi Machi 1916. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, sehemu ya kaunti yetu ya leo ilikuwa chini ya jeshi lililotoka ng'ambo ya mpaka.

Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Katikati palikuwa na nyika kavu, miiba, na mito michache sana. Lakini Voi ndipo ilipopita reli ya Uganda, ile iliyounganisha Mombasa na Nairobi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alielewa kwamba kuikata reli hiyo ni kuukata mshipa wa adui. Vikundi vidogo vya askari wake vilivuka nyika kwa miguu, vikatega baruti chini ya reli, kisha vikarudi.

Waingereza nao walitaka kuikomboa Taveta, ila walikabiliwa na swali ambalo kila mkaazi wa nyanda za chini analijua: maji yatatoka wapi? Jeshi la maelfu ya watu na wanyama halingeweza kupita nyika ile bila maji na bila njia ya kubeba chakula na risasi.

Jibu lao lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa reli mpya kutoka Voi kuelekea Taveta, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa 1915 na vikosi vya reli kutoka India pamoja na vibarua Waafrika. Ya pili ilikuwa bomba la maji kutoka vilima vya Bura. Reli ilifika Maktau Juni 1915. Kambi kubwa ikajengwa, ikazungushiwa mahandaki na miiba.

Maktau ikawa mwisho wa reli, mwisho wa bomba, na mwanzo wa uwanja wa mapambano. Ndiyo maana uwanja wa ndege ukawekwa hapo. Ndege huhitaji mafuta, vipuri, mafundi na maji, na vyote hivyo vilikuja kwa treni.

Kwa nini ndege za wanamaji zilipelekwa nyikani

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ndege za Maktau zilikuwa za jeshi la wanamaji. Bahari iko mbali na Maktau. Zilifikaje huko?

Chanzo chake ni meli. Septemba 1914 meli ya kivita ya Ujerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Uingereza iitwayo Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, mahali penye mikoko mirefu na mikondo mingi. Kutoka baharini haikuonekana. Ili kuiona vizuri ilibidi kuitazama kutoka juu.

Waingereza walileta ndege kwa meli. Za kwanza zilikuwa ndege za kutua majini, na joto na unyevu wa pwani viliziharibu upesi. Baadaye zikaja ndege za kutua nchi kavu, zikawekwa katika kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Tulloch Cull na mwenzake Harwood Arnold waliruka juu ya Rufiji, wakawaongoza wapiga mizinga wa meli mbili za Uingereza, Severn na Mersey, hadi Königsberg ikaharibiwa. Ndege yao ilipigwa na kuanguka mtoni, lakini wote wawili wakaokolewa.

Mkaazi anayetaka kuona mabaki ya kisa hicho hahitaji kwenda mbali. Wajerumani waliivua Königsberg mizinga yake na kuitumia nchi kavu, na mmoja wa mizinga hiyo umewekwa katika Fort Jesus, Mombasa.

Kazi ya Rufiji ilipokwisha, kikosi kiligawanywa. Sehemu moja ilipelekwa Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo. Sehemu nyingine, ikiongozwa na Cull, ilikuja kwetu. Jeshi la nchi kavu la Uingereza halikuwa na ndege zake katika Afrika Mashariki wakati huo, kwa hiyo wanamaji wakapanda treni kwenda nyikani pamoja na ndege zao.

Ndege ya mbao, nguo na waya

Ndege iliyotumika Maktau ilikuwa ya Kifaransa, aina ya Caudron. Tusiilinganishe na ndege tunazoziona zikipita kuelekea Mombasa. Ilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa nguo na kukazwa kwa nyaya. Ilibeba watu wawili: rubani, na mtazamaji ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia chini na kuandika au kuchora anachokiona. Mwendo wake haukuzidi sana kilomita 100 kwa saa. Basi la abiria leo katika barabara ya Voi hadi Taveta linaweza kukaribia mwendo huo.

Injini yake ilikuwa ya namna ya pekee, kwani silinda zenyewe zilizunguka pamoja na panga la mbele. Ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo bibi zetu waliwanywesha watoto wenye tumbo gumu. Mafuta hayo yaliruka nyuma wakati wa safari na kuwalowesha waliokaa ndani.

Ndege nyepesi namna hiyo ilikuwa na faida moja kubwa: haikuhitaji lami. Ilihitaji ardhi tambarare, isiyo na mashimo ya ngiri wala visiki, na nafasi ya kutosha kuelekea upepo unakotoka. Vibarua walifyeka vichaka, wakang'oa visiki, wakasawazisha, na uwanja ukawa tayari. Njia za ndege na vibanda vya turubai vya aina hiyo havikujengwa vidumu.

Joto lilikuwa adui. Maktau iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Bawa hupata nguvu ya kuinua ndege kutokana na hewa inayopita juu na chini yake, na hewa ikiwa nyepesi nguvu hiyo hupungua. Injini nayo huvuta hewa kidogo na hivyo kutoa nguvu kidogo. Adhuhuri ya nyika ingeweza kuifanya ndege ndogo ishindwe kupanda, au irushwerushwe na hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Kwa sababu hiyo saa za alfajiri na za jioni ndizo zilizofaa zaidi. Marubani wa ndege ndogo wanaotua katika viwanja vyetu leo wanapiga hesabu hiyo hiyo.

Jua pia lilikausha mbao hadi zikapinda, na kulegeza gundi iliyoziunganisha. Ndege ambayo ingedumu miezi mingi Ulaya ilichoka upesi hapa.

Kazi ya macho

Kutoka Maktau hadi Taveta ni takriban kilomita 50. Askari wa miguu angetembea siku mbili, akibeba maji yake, huku akiviziwa. Farasi walikufa kwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o. Ndege ilifika kwa muda wa nusu saa hivi na kurudi na habari.

Kazi kubwa ya ndege za Maktau, basi, ilikuwa kutazama. Zilitafuta kambi, njia za miguu, moshi, vumbi la misafara na mahandaki. Zilikwenda kuelekea Mbuyuni, kama kilomita 20 magharibi, ambako Wajerumani walikuwa na ngome. Waingereza walikuwa wameishambulia Mbuyuni tarehe 14 Julai 1915 wakashindwa, na sasa walitaka kujua kila badiliko lililotokea huko.

Maktau penyewe hapakuwa salama. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na kambi hiyo, kikosi kidogo cha Waingereza kilichopanda farasi na nyumbu kilishambuliwa na kuzidiwa. Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alikuwa amejeruhiwa mguu. Alikataa kuondolewa, akabaki na majeruhi wengine akijaribu kuwalinda, na akauawa. Alitunukiwa Nishani ya Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Kaburi lake liko Voi.

Tarehe 22 Januari 1916 Waingereza waliichukua Mbuyuni, na shughuli za ndege zikasogezwa huko. Mwisho wa mwezi huo kikosi kingine, Nambari 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kiliteremka Mombasa na kupanda hadi Mbuyuni na ndege zake.

Fundisho la Salaita

Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliushambulia mlima wa Salaita, ule mlima mdogo unaosimama peke yake kabla ya kufika Taveta. Waingereza walikadiria kwamba mlima ulilindwa na watu kama 300. Kwa kweli walikuwepo zaidi ya 1,000. Mizinga ilipiga kilele, kwa kuwa huko yalionekana mahandaki. Mahandaki ya kilele yalikuwa ya kudanganya macho. Yale ya kweli yalichimbwa chini, miguuni mwa mlima, yakafichwa na vichaka. Washambuliaji walirudishwa nyuma na wengi wakauawa au kujeruhiwa.

Salaita yatuonyesha mipaka ya jicho la angani. Walioutazama mlima kutoka mbali na kutoka juu waliona kilichowekwa waonekane, na hesabu ya watu ikakosewa. Askari wa upande wa Ujerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, waliijua nyika na walijua namna ya kujificha ndani yake.

Fundisho hilo bado lina kazi. Leo kaunti na mashirika mengi hutumia picha za setilaiti kukadiria mashamba, misitu na ukame. Picha hizo zinasaidia sana, lakini bado lazima mtu aende chini, aulize wenyeji, na aone kwa macho yake.

Kwa nini uwanja ulitoweka

Mwezi mmoja baada ya Salaita, mambo yalibadilika. Jenerali Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza, na badala ya kugonga Salaita uso kwa uso alizunguka kwa kaskazini. Wajerumani wakauacha mlima. Taveta ilikombolewa karibu tarehe 10 Machi 1916. Tarehe 11 na 12 yakafuata mapigano makali ya vilima vya Latema na Reata, kisha majeshi yakaingia Moshi.

Tangu hapo vita vilielekea kusini, mbali na sisi, hadi vilipomalizika Novemba 1918. Ndege zikafuata jeshi. Uwanja wa Maktau ulikuwa umewekwa pale kwa sababu moja tu, yaani palikuwa mwisho wa reli karibu na adui. Reli iliposonga mbele hadi kuungana na ile ya upande wa Moshi, Maktau ikabaki kituo cha kupita.

Uwanja wa ndege wa wakati wa amani hubaki kwa sababu kuna mji, soko, hoteli au ofisi zinazouhitaji. Wa vita huishi maadamu mstari wa mapambano uko karibu. Turubai zilikunjwa na vitu vyenye thamani vikapakiwa kwenye mabehewa. Mvua chache zikanyesha, nyasi zikaota, miiba ikafuata. Ardhi iliyofyekwa kwa jembe na panga haihitaji miaka mingi kurudi kuwa nyika.

Waliobeba gharama

Historia ya ndege huandikwa kwa majina ya marubani. Lakini kila dumu la mafuta lililofika Maktau lilibebwa na mtu, na watu wengi waliobeba mizigo ya vita hivyo majina yao hayakuandikwa popote. Vita vya Afrika Mashariki viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi Waafrika waliochukuliwa kutoka kila upande wa nchi. Walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, kama lile la Kariakoo la Dar es Salaam, linatokana na jina la kikosi chao.

Makaburi ya askari wa kutoka India yako Maktau hadi leo. Kuna mengine ya vita hivyo Voi na Taveta, na yanatunzwa vizuri. Mpagazi hana jiwe lenye jina lake.

Kwa jamii zetu, jeraha kubwa ni la Kasigau. Agosti 1915 Wajerumani waliishambulia na kuiteka ngome ya Waingereza huko. Serikali ya kikoloni ikawashuku wenyeji kwamba ndio waliowasaidia adui. Jamii nzima iling'olewa katika ardhi yake na kupelekwa Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlima walitupwa katika joto la pwani na magonjwa yake, na wengi wakafa. Waliosalia walirudishwa baadaye hadi Mwatate, na ilichukua hadi miaka ya 1930 kwa wengi kuiona tena nchi yao ya Kasigau.

Mwezi uliofuata ndege za kwanza zilipaa kutoka Maktau. Mambo hayo mawili ni sehemu ya vita vimoja, na yafundishwe pamoja. Mtoto anayesikia habari za ndege pekee atadhani vita vilikuwa maonyesho.

Namna ya kuutafuta uwanja uliopotea

Wataalamu wa mambo ya kale wana njia za kutafuta mahali pa namna hii, na nyingi kati yake mwananchi wa kawaida anaweza kuzielewa.

Kwanza, wanaanza na mahitaji ya mahali penyewe. Uwanja wa 1915 ulihitaji ardhi tambarare isiyotuamisha maji, karibu na reli na bomba, na ndani ya ulinzi wa kambi. Masharti hayo peke yake yanapunguza sana eneo la kutafuta.

Pili, wanatazama mimea. Ardhi iliyofyekwa na kushindiliwa mara nyingi huota mimea tofauti na ya jirani, hata baada ya miaka mingi. Picha ya angani iliyopigwa mwishoni mwa kiangazi inaweza kuonyesha mstari ulionyooka ambao mtu aliyesimama chini hauoni. Vitu vya asili ni nadra kunyooka, kwa hiyo mstari ulionyooka unastahili kuulizwa maswali.

Tatu, wanaangalia vitu vilivyotupwa, kama vile makopo yaliyoshika kutu, chupa nene, misumari, vipande vya waya na vifungo vya nguo. Kitu kimoja hakithibitishi lolote. Mkusanyiko wake, na mahali hasa kilipolala, ndivyo vinavyosema. Ndiyo sababu kukiokota na kukipeleka nyumbani ni kuufuta ushahidi. Chupa iliyo mezani kwako haiwezi kumwambia mtu ilikuwa upande gani wa kambi.

Nne, wanasikiliza wazee. Aliyeziona ndege za 1915 hayupo tena, lakini yuko aliyesimuliwa na babu yake. Anayekusanya simulizi aulize: ulisikia kwa nani? Yeye aliona au alisimuliwa? Mahali penyewe panaitwaje kwa lugha ya nyumbani? Tena asimpe mzee jibu mdomoni. Ukimwuliza, "Hapa palikuwa uwanja wa ndege, sivyo?" atakubali kwa adabu. Mwulize, "Hapa palikuwa na nini zamani?" kisha unyamaze.

Simulizi pia zina thamani yake hata pale zisipothibitishwa. Watalii wengi huelezwa habari za mbuyu wa Maktau, na za mwanamke wa Kijerumani anayesemekana kujificha ndani yake akiwapiga risasi askari. Hiyo tuihesabu kama simulizi, tuifurahie, na tuitenganishe na yale yenye maandishi.

Sheria inasema nini

Wakaazi wengi huamini kwamba kila kitu cha zamani kinalindwa na sheria moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 imeweka mwaka 1895 kuwa kipimo: vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka huo ndivyo vinavyohesabiwa kuwa vya kale. Vita vilianza 1914. Kopo la mafuta la Maktau limechelewa kwa miaka 20.

Kuna njia nyingine. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali pa umri wowote kuwa turathi inayolindwa, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa na kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo kama hilo huhitaji mipaka inayojulikana. Mahali ambapo hapajulikani mwanzo wala mwisho pake ni vigumu kupalinda. Ardhi ya Maktau inaendelea kugawanywa, kulimwa na kujengwa, kama ilivyo haki ya wenye ardhi. Kila msingi unaochimbwa bila mtu kujua kilichokuwepo hapo huondoa nafasi moja ya kuiweka mipaka hiyo.

Hii haina maana kwamba maendeleo yasimame. Maana yake ni kwamba kazi ya kutambua mahali itangulie trekta. Kutambua hugharimu siku chache za kutembea, kupima na kuuliza. Kurudisha kilicholimwa hakuwezekani kwa bei yoyote.

Faida yake ipo. Wageni wanaokuja kuona wanyama Tsavo na hifadhi za Lumo na Taita Hills hupita barabara hiyo hiyo. Wapo wanaosafiri kutoka Afrika Kusini, India, Uingereza na Ujerumani kuona mahali babu zao walipopigana. Mgeni anayesimama Maktau kwa saa mbili kusikiliza kijana wa huko akieleza historia yake hununua chai, chakula na huduma ya mwongozaji. Kijana huyo hahitaji jengo kubwa kuanza kazi hiyo. Anahitaji habari za kweli na mahali panapojulikana.

Ufanye nini ukikuta kitu

Iwapo wewe ni mkulima, mchungaji au mjenzi na umekuta kitu unachodhani ni cha wakati wa vita, fuata hatua hizi:

1. Kikiwa na umbo la risasi kubwa, bomu au kopo lililozibwa lisilojulikana, usikiguse, usikipige, usikichome. Baruti ya zamani inaweza kulipuka hata baada ya miaka 100. Waondoe watoto na mifugo, weka alama kwa mbali, kisha mpashe habari chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

2. Kikiwa kitu kisicho na hatari, kiache kilipo. Kipige picha kwa simu, ukiweka kalamu au kiatu kando yake ili ukubwa uonekane.

3. Andika mahali: shamba la nani, karibu na mti au jiwe gani, na umbali kutoka reli au barabara.

4. Wasilisha habari kwa chifu, kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, au kwa Makavazi ya Kitaifa.

5. Usikiuze kama chuma chakavu. Bei ya kilo moja ya kutu ni ndogo kuliko thamani ya habari iliyomo.

Familia zilizo na picha, barua, nishani au simulizi za wazee waliokuwa wapagazi, askari au vibarua wa reli zinaombwa kuziandika sasa. Mwandikie hata kwenye daftari la shule: jina la mzee, mwaka aliozaliwa kwa kukadiria, alikochukuliwa, alichosimulia. Asiyejua kuandika amwombe mjukuu.

Maswali ya kujadili shuleni na barazani

1. Kwa nini uwanja wa ndege uliwekwa Maktau na si Voi au Mwatate? Taja sababu tatu.

2. Eleza kwa nini ndege ndogo hupaa kwa urahisi zaidi alfajiri kuliko adhuhuri.

3. Shambulizi la Salaita la Februari 1916 linatufundisha nini kuhusu kutegemea chanzo kimoja cha habari?

4. Linganisha hali ya marubani na hali ya wapagazi. Ni nani anayekumbukwa, na kwa nini?

5. Katika kijiji chenu, ni mahali gani ambapo wazee wanapajua lakini hapana alama yoyote? Mwulize mzee mmoja, uandike alichosema kwa maneno yake.